Mbu wanaolala udongoni Garissa wakingoja mvua

Kila mwisho wa mwaka, shule zinapofungwa, mabasi yatokayo Eastleigh kwenda Garissa, Wajir na Mandera hujaa watoto wa mjini wanaokwenda kumwona nyanya, au ayeyo kama wasemavyo wenyewe. Mama hufunga mizigo: sukari, majani ya chai, tende, nguo mpya. Chandarua huachwa kikining'inia juu ya kitanda Nairobi. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa mshangao: "Kule ni jangwa, mbu atatoka wapi?"

Naam, msomaji mpenzi, hilo ndilo swali letu Jumapili ya leo. Mbu wa Garissa hutoka wapi? Jibu lake ni la ajabu kidogo, na lau lingejulikana na wengi mwaka wa 1997, huenda wangesalimika watu waliokwenda kaburini.

Mwanafunzi yeyote wa sayansi atakwambia kwamba mbu hutaga majini. Hakukosea. Mbu aenezaye malaria, yule aitwaye Anopheles, hutaga mayai yake juu ya maji yaliyotulia, na yule wa mitaro ya mjini, Culex, huyabandika mayai pamoja yakaelea kama kijichelea. Mayai ya hawa wawili yakikauka hufa. Ndiyo maana ukishuka basi mjini Garissa, kando ya mto Tana, hushangai kuwakuta. Mto upo mwaka mzima, una mashamba ya ndizi na maembe pembeni, ina mifereji na vidimbwi vya kumwagilia. Hapo mbu ana nyumba ya kudumu.

Lakini uache mto, ushike njia ya Dadaab au uteremke kusini kuelekea Ijara. Utaona nchi iliyo tambarare kama meza, vichaka vya miiba, vumbi jekundu na ngamia. Mvua ya mwaka mzima huko kwa kawaida ni haba mno. Hapo ndipo mgeni husema hakuna mbu. Hajui kwamba amesimama juu yao.

Nchi ile si sawasawa kama ionekanavyo. Kuna mahali ardhi imebonyea kidogo, kiasi ambacho jicho halioni mpaka maji yaje. Udongo wa mabonde hayo ni mzito, wa mfinyanzi, haunywi maji upesi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukusanyika humo yakakaa majuma kadhaa, kisha yakakauka, nyasi zikamea, ng'ombe wakaja kulisha. Mpita njia ataona uwanja wa nyasi kavu na nyufa.

Sasa yuko mbu wa jamaa ya Aedes, ambaye tabia yake ni kinyume cha wenziwe. Maji yanapoanza kupungua katika bonde, jike huenda ukingoni akataga mayai, moja moja, katika udongo wenye unyevu na kwenye mashina ya nyasi. Hatagi majini. Mayai hayo hukauka pamoja na udongo bila kufa. Kijusi ndani yake kimekwisha kuumbwa, kimejikunja, kinangoja. Kitangoja kiangazi cha Jilaal, na cha Hagaa, na mwaka wa pili, na wa tatu. Siku bonde litakapofurika tena, maji yayafunike mayai, viluwiluwi hutoka, na katika joto la kule baada ya siku chache tu huwa mbu kamili wenye mabawa. Tena si mayai yote huanguliwa kwa gharika ya kwanza. Mengine hubaki yakingoja ya pili, mithili ya mfanyabiashara mwangalifu asiyetia mali yote katika jahazi moja.

Kwa hiyo mtu anayetafuta makao ya mbu huyu asitazame maji peke yake. Atazame mahali maji yalipokuwa.

Mngesema: mbu ni mbu, ataniuma nijikune, yamekwisha. Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka wa 1930 kondoo walianza kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha, na kondoo wenye mimba wakaziharibu. Mwaka uliofuata wataalamu walieleza kwamba chanzo chake ni kirusi, na ugonjwa ukaitwa homa ya Bonde la Ufa. Tangu hapo ukawa na mwenendo uliowatatiza sana mabingwa. Hutokea kwa kishindo, hufyeka mifugo, kisha hutoweka miaka mitano, kumi, hata zaidi, wala haujulikani umejificha wapi. Halafu mvua kubwa huja na ugonjwa nao huja, kana kwamba umenyesha pamoja na mvua.

Fumbo hilo lilipata ufunguzi hapa hapa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1985, wataalamu walieleza jinsi walivyochota viluwiluwi vya Aedes kutoka katika bonde lililofurika, wakavilea mpaka vikawa mbu. Mbu hao hawakuwa wameonja damu ya mnyama yeyote tangu kuzaliwa. Hata hivyo baadhi yao walikuwa na kirusi. Na katika hao walikuwamo madume! Mwanafunzi wa Baiolojia anayesoma hapa atatega sikio, kwa maana mbu dume haumi mtu, hunywa utamu wa maua tu. Amekipata wapi basi? Hakuna njia nyingine ila kwa mama yake, ndani ya yai.

Ndiyo kusema kwamba ugonjwa hukaa udongoni. Umelala ndani ya yai, na yai limelala katika bonde kavu ambalo mchungaji huvuka kila siku bila habari.

Turudi sasa mwaka wa 1997. Wakenya wote waliokuwa watu wazima wanaikumbuka mvua ya El Nino. Ilianza Oktoba, ikanyesha hata wakati ambao mbingu hukauka. Kaskazini Mashariki barabara zilikatika, vijiji vikawa visiwa, watu na mbuzi wao wakajibana pamoja katika vipande vya ardhi vilivyoinuka. Mwezi wa Desemba habari zikaanza kufika kutoka wilaya ya Garissa, kama ilivyoitwa wakati ule, kwamba watu wanaumwa homa, wanatokwa damu, na wanakufa. Zilitajwa roho 170 kabla ugonjwa haujajulikana jina. Uchunguzi ulipofanywa baadaye, wataalamu walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee.

Hapa pana jambo ningependa ulishike vizuri, msomaji. Uchunguzi huo uliuliza ni nani hasa walioambukizwa. Walijitokeza wale waliogusa damu na majimaji ya kondoo, na wale waliolaza mifugo ndani ya nyumba zao. Mbu ndiye aliyewasha moto, lakini mifugo ndiyo iliyokuwa kuni. Mbu wa Aedes huwauma kondoo, mbuzi na ng'ombe, wao huugua, na kirusi hujaa katika damu yao. Wakati huo maji yameshakaa, na wale Culex tuliowataja mwanzo wamefika na kutaga mara kadhaa. Nao wakimuuma mnyama mgonjwa huchukua kirusi na kukisambaza. Mtu humpata maradhi kwa kuumwa, ndiyo, lakini zaidi kwa kuchinja, kuchuna, kumsaidia kondoo aliyeharibu mimba, au kunywa maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa.

Wengi wa wanaoupata huona homa, maumivu ya viungo na kichwa, wakapona katika juma moja. Wachache ndio hupatwa na mabaya: macho huingia kiza, ubongo huvimba, au damu hutoka puani, katika ufizi na tumboni. Hao wa damu wengi hawaponi.

Miaka 9 ilipita. Tukasahau. Mayai hayakusahau.

Mwaka wa 2006 bahari ya Hindi na ya Pasifiki zikapata joto tena kama zile siku za El Nino. Safari hii walikuwapo watu waliokuwa wakizitazama. Wataalamu wa Marekani walikuwa wamekwisha gundua kwamba ukipima joto la bahari, na ukatazama kwa setilaiti jinsi nchi kavu inavyogeuka kijani, unaweza kubashiri homa ya Bonde la Ufa miezi kabla haijatokea. Kuanzia Septemba mwaka huo wakatoa onyo, wakiitaja pembe hii ya Afrika. Mvua ikaja. Kabla ya Desemba kwisha, watu walikuwa wakifa Garissa, hasa upande wa Ijara. Mbu walionaswa huko wakapimwa, na walioongoza kwa kubeba kirusi walikuwa Aedes, wale wale wa udongoni.

Ugonjwa ulivuka mpaka wa mkoa ukaingia Tana River, Kilifi na Baringo, kisha mwaka wa 2007 ukaingia Tanzania. Hapa Kenya walihesabiwa wagonjwa 684, na 155 kati yao wakafa. Serikali ilifunga masoko ya mifugo Garissa na kupiga marufuku kuchinja, jambo lililoangukia siku zile zile za Idd-ul-Hajj, mwisho wa Desemba. Fikiria msiba huo kwa mtu ambaye mali yake yote ina miguu minne. Hawezi kuuza, hawezi kuchinja, na wale wachache walio wazima zizini hajui kama watakuwa wazima kesho.

Sitaki kumlaumu mtu kwa urahisi, maana kutoka onyo la setilaiti hadi chanjo kumfikia kondoo wa Hulugho kuna barabara mbovu na ofisi nyingi. Lakini ni kweli kwamba chanjo ya mifugo ipo, nayo hufaa ikitolewa mapema. Ugonjwa ukishaingia katika zizi, sindano moja ikizungushwa kutoka kwa mnyama hadi mnyama yaweza yenyewe kueneza kirusi.

Na kulikuwa na chombo kingine cha kubashiria ambacho hakikuhitaji setilaiti. Wataalamu wa mifugo walipokwenda kuwahoji wafugaji wa Kisomali baada ya mlipuko huo, walikuta wafugaji wana jina la ugonjwa, Sandik, maana yake pua ya damu. Tena walikuwa wamezitambua dalili mapema: mvua isiyo ya kawaida, mawingu ya mbu wasiohesabika, halafu kondoo kuharibu mimba na wana-kondoo kufa. Hesabu zilipopigwa, kutoka mvua kubwa kuanza hadi mbu kutapakaa zilikuwa siku 24 hivi kwa wastani, kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua siku 17 hivi, na kutoka mnyama hadi mtu wa kwanza siku 17 au 18. Jumlisha. Ni karibu miezi miwili ya onyo, iliyokuwa wazi kwa kila mzee mwenye kondoo. Mimi binafsi naona kwamba simu ya mzee yule ingefaa ipokewe kwa heshima ile ile inayopewa picha kutoka angani.

Usidhani haya ni ya kale tu. Mwaka wa 2018 mvua za Gu zilikuwa kubwa, na homa hiyo ikazuka Wajir.

Kwa hiyo mwanao akienda kwa ayeyo baada ya mvua kubwa, chandarua kiende naye. Ayajue mabonde yaliyofurika, asiende kucheza huko jioni, maana ndiyo saa wanapopenda kuuma, ingawa Aedes hawa hawaoni haya kuuma mchana ukiwafuata kwenye nyasi zao. Ukisikia kondoo wa kijijini wanaharibu mimba kwa pamoja, asipewe kazi ya zizini wala ya kuchinja hata kama anataka kuonyesha uanaume, na mizoga isiguswe kwa mikono mitupu. Maziwa yachemshwe. Najua mtu aliyezoea maziwa mabichi ya ngamia atanicheka. Na acheke, lakini ayachemshe.

Sasa tumwache mbu kidogo. Nchi hiyo ina mdudu mwingine ambaye makao yake hukudhania. Ukitembea Wajir au Mandera utaviona vichuguu vya mchwa, vingine virefu kuliko mtu, vyenye matundu kama mabomba ya moshi. Nje jua linachoma, ndani mna ubaridi na unyevu, kwa kuwa mchwa ni mafundi wa kuingiza hewa. Humo hujihifadhi nzi wa mchanga, kijidudu cha rangi ya vumbi ambacho mbu ni jitu mbele yake. Hutaga katika nyufa zenye giza na uozo. Hawezi kuruka mbali, huruka kwa kudunda-dunda, naye hutoka usiku kutafuta damu. Ni mdogo mno hata hupenya katika matundu ya chandarua cha kawaida, isipokuwa kama kimetiwa dawa.

Huyu hueneza ugonjwa wa kala-azar. Ni homa isiyokwisha, mtu hukonda huku tumbo likivimba kwa sababu ya bandama, na asipotibiwa karibu hakika atakufa. Kati ya mwaka wa 2000 na 2001 wagonjwa mamia walitokea Wajir, Mandera na ng'ambo ya mipaka katika Somalia na Ethiopia, mahali ambapo wahudumu wengi wa afya hawakuwa wameuzoea ugonjwa huo. Wengi walikuwa watoto, na ulikuwa wakati wa ukame na njaa, na mwili uliodhoofika haupigani. Tazama jinsi mambo yalivyo: mvua nyingi humwamsha mbu wa bondeni, na ukame hauleti amani, kwani nzi wa mchanga yumo kichuguuni mwake katika unyevu aliotengenezewa na mchwa. Watoto wa kuchunga hupenda kupumzika katika kivuli cha kichuguu au kupanda juu yake kuwatazama mbuzi. Mweleze mwanao asifanye hivyo magharibi ikiingia, wala kitanda kisitandikwe karibu nacho. Na homa ikizidi majuma mawili baada ya safari, mwambie daktari wa mjini mgonjwa alikuwa wapi. Asipoambiwa atatibu malaria tu.

Wako na wengine. Upande wa msitu wa Boni na kando ya Tana kuna mbung'o, ambaye hatagi mayai kabisa. Huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja, akamdondosha kwenye udongo wa kivulini, nalo likajizika. Kule hutesa ng'ombe. Na pange, yule nzi mkubwa anayekulia katika tope, huwapa ngamia maradhi ambayo Wasomali huyaita dhukaan. Hao tutawapa siku yao.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina neno kwa msomaji wa Eastleigh, South C au Majengo anayefikiri leo nimesema habari za watu wa mbali. Mandera ilipatwa na homa ya dengi mwaka wa 2011, na chikungunya mwaka wa 2016. Aliyezileta hakutoka bondeni. Ni ndugu yake yule mbu, Aedes aegypti, aliyehamia mjini zamani. Mahali pa maji haba kila nyumba huweka akiba katika mapipa, mitungi na matangi, na humo ndimo alimoyakuta maziwa yake madogo. Ana ile ile tabia ya ukoo: hutaga ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na yai lake likikauka haliharibiki, hukaa miezi likingoja pipa lijazwe tena.

Nairobi nasi tuna mapipa, hasa mitaa ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa juma. Watu wengi wakishamaliza maji humwaga masalio, wakalisuuza pipa, wakalijaza. Masalio yamekwenda, mayai yamebaki ukutani. Chukua brashi ngumu na sabuni, usugue ndani kuanzia juu kabisa hadi chini, angalau mara moja kwa juma, kisha ulifunike kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Ni kazi ya dakika 10, na mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Jumapili ijayo tutamtazama kupe, ambaye wengi humwita mdudu ingawa ana miguu 8 kama buibui.